Jino la Sita

Alois Kipeta alikuwa na wivu. Tusizungushane. Wenzake karakanani walisema mzee ana presha, mkewe Stefania alisema ni vidonda vya tumbo, na yeye mwenyewe ukimuuliza alikwambia ni vumbi la kazi limemkaa kifuani. Presha ya wapi! Ulikuwa wivu, tena wa kuamka nao na kushinda nao, na ulikuwa na jina la mtu. Lwitiko.

Kwanza umjue Alois mwenyewe, maana alikuwa mtu na heshima zake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa kunoa biti katika karakana ya Bwana Jafeti pale Malangali, mjini Sumbawanga. Jafeti alikuwa mtu wa Mbeya aliyekuja zamani kama mtumishi wa serikali, akaacha kazi, akanunua mtambo wa kuchimba visima. Biti ndiyo kichwa cha chuma kinachotangulia mbele ya mabomba kwenda kuugonga mwamba, na usoni kimepandwa vigololi vya tangsteni, metali ngumu kuliko chuma chochote unachokijua. Lakini mwamba wa Ufipa hauna adabu. Biti inaingia asubuhi na meno yake, jioni inatoka kipara. Hapo ndipo alipoitwa Alois.

Alikuwa na gurudumu dogo lililopakwa unga wa almasi, na kopo la maji la kupoozea lililoning'inizwa juu yake. Alikandamiza, akasikiliza, akakandamiza tena. Kipimo hakukijua wala hakukitaka. Akimaliza aligonga kila kigololi kwa ncha ya bisibisi na kutega sikio, na kile kilichokuwa na ufa hata wa unywele kilimwambia chenyewe. Wachimbaji waliapa kwamba biti ikitoka mkononi mwa Alois huna haja ya kuikagua.

Na wachimbaji wale walikuwa na desturi yao, sijui aliianzisha nani. Siku kisima kinapotoa maji, kabla hata mtoto hajakinga kikombe, anaitwa aliyeyanoa meno. Mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote kijijini anachota maji ya kwanza kwa kata na kumnawisha mikono, wenzake wakipiga vigelegele. Kisha fundi anapewa kiti na anaandaliwa chakula kabla ya diwani, kabla ya Jafeti mwenyewe. Alois alikuwa amenawishwa mara thelathini na tisa. Alizihesabu, ndiyo. Angeweza kukutajia vijiji kwa mpangilio, kuanzia Kabwe na Kirando kule chini ziwani mpaka juu Ufipa penye baridi, na nani alimwagia maji, na siku ile walikula nini.

Basi ndipo akaja Lwitiko na sanduku lake.

Kijana wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amesoma Dar es Salaam, akapelekwa China miezi minane, na aliporudi Jafeti alimchukua yeye pamoja na mashine ya leza. Mashine yenyewe ilikuwa kama kabati la vyombo, ina kioo cheusi mbele na feni nyuma. Ndani yake mwanga ulichezacheza juu ya kitu kigumu na kukichonga bila kukigusa. Bila kukigusa! Alois alisimama mlangoni siku ya kwanza, mikono mgongoni, akaiona ikikata ringi ya kauri ya pampu, ile kauri nyeupe ambayo ukiiweka kwenye msumeno inaula msumeno. Dakika ishirini ringi ikatoka, laini, duara kamili. Watu wakapiga makofi. Yeye akasema ana kazi, akaenda zake kwenye gurudumu lake ambalo siku hiyo halikuwa na kazi yoyote.

Laiti Lwitiko angekuwa na majivuno, Alois angepumua. Mtu mwenye majivuno unaweza kumchukia ukapata usingizi. Lakini kijana kila asubuhi alikuja mpaka kwenye benchi la mzee, anainama kidogo, "Shikamoo baba." Akipika chai anaanza kumpelekea yeye. Na mara tatu, kwa hesabu ya Alois, alimwambia, "Baba, ukipata nafasi njoo nikuonyeshe hii mashine. Mwenye sikio kama lako ataielewa haraka."

"Mimi nina macho," Alois alimjibu mara zote tatu. "Naona kutoka hapa."

Akaona kweli. Kutoka benchini kwake alikariri kila kitu: kitufe cha kijani, kitufe cha chini, namba zinazopanda na kushuka kwenye skrini. Aliikodolea macho mashine ile kutwa, kama mume mwenye wasiwasi anavyomwangalia jirani anayekuja sana kuazima chumvi. Nyumbani ndiyo usiseme. Stefania alipita karakanani siku moja kumletea mumewe chakula, akasalimiwa na Lwitiko kwa mikono miwili, na jioni akaropoka mezani kwamba kijana yule amelelewa. Alois akasukuma sahani ya ugali wa ulezi, akisema haujaiva. Ulikuwa umeiva. Siku mbili nzima hakuongea na mkewe zaidi ya kuuliza kiberiti kiko wapi.

Yote hayo angeyameza, lakini ikaja zamu ya Kamsanya.

Kamsanya ndiko kwao. Kijiji kiko juu kwenye upepo, nyumba zimetawanyika kati ya mashamba ya mahindi na ulezi, na maji yake ni kijito cha bondeni ambacho mwezi wa kumi kinabaki matope. Mama yake, Bi Fortunata, alikuwa na miaka sabini na sita na bado alishuka bondeni na ndoo, kwa sababu alikataa katakata kuhamia mjini. Na sasa sikiliza: katika Kamsanya yote hapakuwa na mwanamke aliyempita umri. Kisima kikitoa maji, kata itakuwa mkononi mwake. Mara thelathini na tisa Alois alikuwa amenawishwa na mama za watu. Ya arobaini angenawishwa na mama yake mzazi, mbele ya watu waliomjua akichunga mbuzi bila viatu. Mwanamume yule hakutaka kitu kingine duniani. Bi Fortunata naye alikwishatangaza kanisani, akanunua na kata mpya.

Mtambo ukapanda Kamsanya, na mwamba ukaanza dharau. Biti ya kwanza ya Alois ilirudi kipara ikiwa na mita tisa tu. Ya pili mita sita. Ya tatu, aliyoinoa siku nzima kwa mapenzi yote, ilirudi na mita nne na nusu, na msimamizi wa mtambo, Isakwisa, akaishusha garini bila kumtazama usoni. Chini kule kulikuwa na jabali jeupe linalong'aa, na tangsteni kwake ilikuwa chaki.

Jafeti akaagiza meno ya almasi. Si ile ya pete. Hii ni ya kiwandani, vidonge vyeusi vyenye upana wa kifuniko cha soda, almasi juu, tangsteni chini. Vilikuja sita, kwa sababu biti inapandwa meno sita, na bei yake haikuruhusu cha saba. Lakini vilikuja na makali makavu ambayo kwenye jabali lile yangemeguka papo hapo. Ilibidi ukingo wa kila kidonge upunguzwe kidogo sana, ulale mteremko. Gurudumu la Alois lingechukua wiki kwa kila kimoja. Leza haikuhitaji hata saa moja.

"Kwa hiyo meno ni ya Lwitiko," Isakwisa alisema siku hiyo, wala hakuwa na nia mbaya. "Safari hii tutamnawisha kijana wetu."

Alois alikuwa anakunywa maji. Akayameza, akaweka kikombe chini taratibu. Akamfikiria mama yake na ile kata mpya, akiimwagia mikono ya mtoto wa Kinyakyusa ambaye hata njia ya kwenda bondeni haijui. Alitamani kulia, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima, alianza kupanga mafaili yake upya kwa fujo.

Lwitiko alimaliza meno matano kwa siku mbili. La sita alikuwa amelifunga tayari ndani ya mashine pale simu ilipolia: kuna mzigo wake stendi, basi linaondoka. Ilikuwa saa saba mchana, wengine wamekwenda kula. Akatoka mbio. Karakana ikabaki na Alois na feni ya ile mashine.

Sasa wapo watakaosema alikusudia kuharibu. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu angetaka kuharibu angelipiga nyundo likaisha. Alichotaka ni kimoja, na kilimjia kikiwa kizima kichwani: jino moja tu. Jino moja kati ya sita likipita mkononi mwake, basi biti ni yake pia, na hakuna atakayethubutu kusema mikono yake isinawishwe. Hakutaka zaidi ya hapo. Akafuta viganja kwenye suruali, akakaa kwenye kiti cha Lwitiko.

Skrini ilikuwa imeandika nguvu asilimia kumi na mbili, na marudio mia nne. Alois akasoma mara mbili. Mia nne! Yaani mwanga upite palepale mara mia nne, kila mara ukichukua kiasi cha unyoya. Akacheka kwa pua. Huu ndio ufundi wa China, wa kupapasa? Miaka ishirini na miwili alikuwa amejifunza jambo moja: kitu kigumu hakibembelezwi, kinakandamizwa. Ukikiogopa kitakuchezea mpaka jioni. Akabonyeza kitufe cha kupandisha mpaka namba ikagoma kwenye mia, akashusha marudio yakawa kumi, akabonyeza cha kijani.

Mwanga ukawaka mweupe nyuma ya kioo. Ukatoka mlio mkavu, kisha harufu ya mkaa. Sekunde chache na mashine ikanyamaza.

Kosa lile asingelifanya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi hajui kukandamiza. Lilihitaji mtu aliyezoea kunoa. Almasi, usiione vile, ni ndugu wa mkaa. Ukiipapasa kwa mwanga inakubali kuchongwa, ukiikandamiza kwa joto inarudi ukoo wake. Alois alipofungua mlango na kulitoa jino, ukingo wake ulikuwa mweusi tititi, unachafua kidole kama sufuria ya kuni.

Akafanya anachokijua. Alilipeleka kwenye gurudumu lake, akalisugua kwa maji mpaka weusi ukaisha na mng'ao ukarudi. Kwa macho lilikuwa sawa na wenzake. Kisha akachukua bisibisi. Akagonga jino la kwanza la Lwitiko, likalia. La pili likalia. Akagonga la sita. Halikulia. Lilitoa sauti ya kibuyu.

Hapo ndipo palikuwa na Alois wawili, na mmoja wao alikuwa fundi. Fundi alijua. Alikuwa na dakika kumi za kukaa pale na kusema, kijana, nimeliunguza. Lakini mwenzake alimwona Bi Fortunata na kata mpya na mikono isiyo ya mwanawe. Alois akalirudisha jino mahali pake, akarudisha namba za skrini zilivyokuwa, akaenda kuosha vidole. Lwitiko aliporudi alikuta mashine imesimama. Akakuna kichwa, akadhani aliiwasha kabla ya kutoka ikamaliza yenyewe, akalipima jino kwa kipimo chake. Vipimo vilikubali. Akalichomelea.

Siku ya kushusha biti mpya Kamsanya nzima ilikuwa pale. Bi Fortunata alikuwa kwenye kigoda chake, kitenge kipya, kata mapajani. Alimwita mwanawe akae karibu naye, akamwambia jirani kwa Kifipa, kwa sauti ya kusikika, kwamba meno yale yamenolewa na huyu. Alois hakumsahihisha. Upande wa pili wa mtambo Lwitiko alisimama peke yake, amekunja mikono, anaangalia bomba likizunguka.

Na biti ilikula jabali. Haki ya Mungu ilikula. Mita tano, mita nane, unga mweupe unaruka hewani, Isakwisa anacheka. Unajua wivu ulivyo mpumbavu? Pale pale, akiwa amekaa na mama yake anayetaka maji, Alois alijikuta anaombea isiendelee. Kisha akajionea aibu, akaombea iendelee. Kisha Isakwisa akampigia Lwitiko saluti kwa mbali, na Alois akarudi kwenye ombi la kwanza.

Mita ya kumi na mbili bomba likaruka. Sauti ikabadilika, ikawa ya kusaga, na Alois alikuwa amesimama kabla mtu mwingine hajasikia kitu. Walipoivuta biti juu, meno matano yalikuwa mahali pake. Mahali pa la sita palikuwa na shimo.

Isakwisa alieleza mara moja tu, kwa ufupi, kwa sababu Jafeti alikuwa ameshaanza kuvimba mishipa ya shingo. Kipande cha almasi kimebaki chini ya shimo. Ukishusha biti tena, almasi itakutana na almasi na meno matano yatameguka vilevile. Shimo limekufa. Mtambo una zamu vijiji vingine; Kamsanya wasubiri kiangazi kijacho.

Wanawake walianza kuokota ndoo zao. Jafeti akamgeukia Lwitiko mbele ya wote, akamwambia kazi ya miaka ishirini na miwili haijawahi kumwaibisha hivi, na kabati lake la taa alifunge arudi nalo alikotoka, kwake pameisha.

Lwitiko alikuwa ameichuchumalia biti. Alipitisha kidole ndani ya shimo la jino, akakitoa kina weusi, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua macho, moja kwa moja, kwa Alois. Alijua. Alois aliona kabisa kwamba amejua. Kijana akasimama, akafuta kidole kwenye suruali.

"Kosa ni langu, mzee," alimwambia Jafeti. "Nilipaswa kulikagua."

Basi. Asingemwaibisha mtu mzima mbele ya mama yake, ndivyo walivyomlea. Na Bi Fortunata, ambaye hakujua lolote, akaona nafasi yake. Akainuka kwenye kigoda akimshika Alois mkono.

"Mngemwachia mwanangu," alisema. "Mmeleta watoto na mataa. Mngemwachia huyu, tungekuwa tunakunywa maji sasa hivi."

"Kweli," wakasema wawili watatu. "Alois hajawahi kukosea." Jafeti naye akatikisa kichwa kukubali. Macho yote yakamrudia Alois, kwa heshima ileile aliyoililia miezi yote ile. Alikuwa ameshinda. Alitazama karibu yake akakuta kiganja cha mama yake juu ya mkono wake, kimepasuka kwa kubeba ndoo, na mbele yake kijana anakunja nyaya aondoke.

"Jino lile nililiunguza mimi," Alois alisema.

Akasema mara ya pili, kwa sauti ya kusikika. Akaeleza yote: mchana ule, namba mia, weusi alioufuta, sauti aliyoisikia akainyamazia. Mama yake alikuwa bado amemshika.

"Kwa nini?" akamuuliza.

"Wivu, mama. Nilimwonea kijana wivu."

Bi Fortunata akauachia mkono wake. Hakuusukuma, aliuachia tu, akarudi kukaa kwenye kigoda na kutazama upande wa bondeni.

Aliyesema kwanza alikuwa Lwitiko. Alimwambia Isakwisa kwamba almasi ni ngumu kwa kusugua lakini ni dhaifu kwa kupigwa. Nyundo ya hewa ya mtambo ikipewa biti ya kawaida, ya tangsteni, yenye vigololi vyenye ncha kali, inaweza kukisaga kipande kile kikawa mchanga. Mchanga utatolewa na upepo wa kompresa. Lakini biti hiyo ilitaka kunolewa palepale, na kunolewa vizuri kuliko ilivyowahi kunolewa biti yoyote. Isakwisa akatoa siku tano, hata siku moja zaidi hapana.

Alois alinoa siku mbili, gurudumu limeunganishwa kwenye jenereta, hakuna aliyempelekea chai isipokuwa Lwitiko. Siku ya tatu walishusha, nyundo ikagonga saa nne mfululizo, na unga ukatoka na chembe nyeusi. Siku hiyohiyo jino jipya, ambalo Jafeti alilazimika kuliagiza juu ya yale sita, likafika kwa basi, Jafeti akilipokea bila kumsemesha Alois. Alikuwa ameshamwambia kwamba watazungumza kazi hii ikiisha, na Alois hakuwa na haraka ya mazungumzo hayo.

Walishuka nalo mjini, na karakanani Lwitiko akavuta kiti cha pili mbele ya leza. "Kaa, baba." Akaandika kumi na mbili, akaandika mia nne. "Bonyeza wewe."

Alois akabonyeza. Wakakaa bega kwa bega dakika arobaini na tano wakitazama mwanga ukipita na kupita palepale, kila mara ukichukua kitu kidogo kisichoonekana. Jino lilipotoka aliligonga kwa bisibisi, likalia vizuri kuliko yote matano. Ungedhani wivu uliisha hapo. Thubutu! Alimtazama kijana akipuliza vumbi kwenye kioo kwa utulivu ule wake, akawaza kwamba angekuwa na miaka thelathini na moja na yeye angeijua hii kitu. Moyo ukamuuma upya, mahali palepale.

Maji yalitoka Kamsanya siku ya tano, saa nne asubuhi, mita ya thelathini na tisa. Yalitoka kwanza na tope, kisha yakatakata, yakaruka juu ya kofia ya Isakwisa. Wanawake waliangua vigelegele. Bi Fortunata akasogea na kata yake, akaikinga ikajaa, na watu wakampisha.

Lwitiko alisukumwa mbele. Akapiga goti, akanyoosha mikono, na bibi akaimwagia polepole, kiganja hiki, kiganja kile, akiisugua kwa mkono wake mwenyewe kama anayeogesha mtoto. Alois alikuwa nyuma kidogo, anaona kila tone.

"Na huyu, bibi," Lwitiko alisema, bado amepiga goti. "Jino la sita ni la kwake. Kipande kile amekisaga yeye. Mnawishe na yeye."

Watu wakageuka. Alois hakujua miguu ilimfikishaje pale, lakini alifika, na mikono yake ikanyooka yenyewe mbele ya mama yake. Kata ilikuwa bado na maji, zaidi ya nusu.

Bi Fortunata aliitazama ile mikono. Aliitazama sana. Kisha akamwangalia mwanawe usoni.

"Shika ndoo," alimwambia. "Wenzako wana foleni."

Akayanywa yale maji yaliyobaki, yote, akafuta mdomo kwa kitenge, akamshika Lwitiko mkono na kumpeleka kwenye kiti.

Alois akashika ndoo. Akajaza ya kwanza akamtwisha mwenyewe, akajaza ya pili, ya tatu, foleni haiishi. Kila alipoinuka aliweza kuwaona pale kivulini, mama yake akimpakulia kijana ugali, akimchagulia kipande kizuri cha kuku, akimcheka kwa jambo fulani. Mpaka saa nane mchana maji yalikuwa yamemlowesha mikono hadi viwikoni, na hakuna aliyepiga kigelegele.